Fedha tulikuwa nazo, ushahidi hatukuwa nao

Barua ilikuwa na mistari minne. Juu nembo ya benki, chini sahihi na muhuri wa bluu ambao wino wake ulikuwa haujakauka, na katikati sentensi moja iliyosema kwamba mimi ni mteja wao wa siku nyingi na akaunti yangu "inaendeshwa vizuri". Salio halikutajwa popote. Namba ya akaunti ilikuwepo, ila ilikosa tarakimu moja. Nilikuwa nimekaa kwenye foleni saa mbili, nimeilipia barua hiyo, na dada wa dawatini alikuwa ameshamwita mteja anayefuata.

Ilikuwa katikati ya Novemba 2023. Mwaliko wa kuomba ukaazi wa kudumu Kanada nilikuwa nimeupata tarehe 26 Oktoba, kwenye raundi ya mialiko ya watu wa sekta ya afya, na ukishaalikwa unapewa siku 60 za kukamilisha maombi. Nilizihesabu kwenye kalenda ya ukutani: zilikuwa zinaishia Krismasi. Fedha zilikuwepo benki. Kilichokosekana ni karatasi za kumfanya mtu asiyenijua, aliyekaa ofisini ng'ambo ya bahari, aamini kwamba fedha hizo zipo, ni zangu, na hazikuingia jana.

Kila anayeniuliza habari za safari hii huanza na swali lile lile: "Wanataka shilingi ngapi?" Hilo ndilo swali jepesi kuliko yote, basi nilijibu kwanza tulimalize.

Mfumo unaitwa Express Entry, na ndani yake kuna programu tatu. Mimi nilipitia ile ya shirikisho ya wafanyakazi wenye ujuzi, na hiyo inadai ushahidi wa fedha. Ya mafundi stadi nayo inadai. Ya watu ambao tayari wamefanya kazi Kanada haidai, na mwenye ofa halali ya kazi ambaye tayari ameruhusiwa kufanya kazi nchini humo naye husamehewa. Sisi wengine, tulioomba tukiwa makwetu na vyeti vyetu mkononi, tunaonyesha. Kiwango hupangwa kwa ukubwa wa familia na hubadilishwa kila mwaka. Msingi wake ni nusu ya kipimo cha kipato cha chini kinachotumika huko. Mwaka 2023 mtu mmoja alitakiwa kuwa na dola za Kanada 13,757, wawili 17,127, watatu 21,055, wanne 25,564. Jedwali la 2025 limeshapanda hadi 15,263 kwa mtu mmoja na 28,362 kwa wanne. Usichukue namba kwa rafiki aliyeomba mwaka juzi, wala kwangu. Fungua ukurasa wa serikali yao siku hiyo hiyo unayojaza.

Sasa, familia yenu ni watu wangapi?

Mimi niliandika watatu bila hata kufikiri: mimi, mume wangu, na binti yetu wa miaka mitano. Wasifu wangu kwenye mfumo huo wa Express Entry niliufungua Agosti tukiwa na kama dola 22,400, akiba ya miaka, nikajiona nimevuka mto bila kulowa. Septemba, usiku mmoja nikiwa zamu, wodi imetulia, nikaisoma tena kwenye simu ile sehemu ya ukubwa wa familia, safari hii polepole. Inasema unamhesabu mwenzi wako na watoto tegemezi, wako na wa mwenzi wako, hata kama hawasafiri nawe. Hata kama tayari ni raia wa Kanada.

Mume wangu ana kijana aliyempata kabla hatujaoana. Wakati huo alikuwa na miaka 17, anaishi na mama yake, na hakuna kati yetu aliyewahi kuwaza kwamba ataondoka. Kwa sheria zao mtoto ni tegemezi mpaka atimize miaka 22, ilimradi hana mke au mume. Tulikuwa wanne. Dola zangu 22,400, ambazo jioni yake zilikuwa nyingi, zikawa pungufu kwa zaidi ya dola elfu tatu kabla hapajapambazuka.

Nakiri nilifikiria kumwacha nje ya fomu. Nani angejua? Jina lake ni la ukoo wa baba, cheti chake kiko kwa mama yake, na sisi hatumpeleki popote. Wazo lile lilikaa nami siku mbili. Kilichonitoa ni kusoma mbele zaidi: mwanafamilia ambaye hukumtaja na hakupimwa afya wakati wa maombi, kwa kawaida unajifungia mwenyewe mlango wa kumdhamini siku za usoni. Na kudanganya kwenye maombi kunaweza kukufungia nje ya Kanada miaka mitano. Nikaingia kwenye wasifu nikarekebisha, tatu ikawa nne, kiasi nikakiacha kama kilivyo mpaka kitakapoongezeka.

Hata mtoto asiyesafiri lazima apimwe. Kwa hiyo baadaye mume wangu alilazimika kumpigia mama wa kijana kumweleza kwa nini mtoto wake apelekwe kwa daktari aliyeidhinishwa na nchi ambayo mtoto mwenyewe haendi. Simu ile ilichukua dakika arobaini. Mimi nilikuwa jikoni naosha sufuria moja mara ya tatu. Mama yule ni muungwana kuliko nilivyostahili. Aliuliza maswali yake, akakubali, na siku ya kipimo alimpeleka mwenyewe. Lakini kama angekataa, tungekuwa na kesi ndefu ya kueleza. Wenye watoto wa nyumba mbili, hilo lianzeni mapema, na lianzeni kwa heshima.

Turudi kwenye pengo la fedha. Tulikuwa na kiwanja. Nilidhani kiwanja ni ushahidi: hati ninayo, mthamini yupo, mali ni mali. Hapana. Thamani ya ardhi au nyumba haihesabiwi. Wanataka fedha unayoweza kuitoa leo ukalipia pango na chakula. Fedha ya kukopa kwa mtu haikubaliki pia. Hisa zangu za chama cha akiba na mikopo kazini niliziacha kando, maana kuzitoa kulihitaji nijitoe uanachama na kusubiri miezi. Fedha ya namna hiyo ni yako lakini haiko mkononi mwako.

Kiwanja kikauzwa mwezi huo huo wa Septemba kwa shilingi milioni 9, chini ya tulivyotarajia. Muuzaji mwenye haraka ananukia kutoka mbali.

Mnunuzi alikuja na fedha taslimu ndani ya bahasha ya kaki, akataka tuhesabu pale pale mezani kwa wakili. Nikamwambia, "Kaka, samahani, twende benki uingize kwenye akaunti." Aliona namsumbua, na kwa kweli nilikuwa namsumbua, jua lilikuwa kali. Lakini taslimu ile ningeiingiza mwenyewe ingekuwa milioni 9 isiyo na baba wala mama: imetokea tu kwenye akaunti, siku moja, kutoka hewani. Ilipoingizwa na yeye, jina lake likaonekana kwenye taarifa ya benki, na jina lile lile likaonekana kwenye mkataba wa mauziano. Karatasi mbili zikawa zinashuhudiana.

Hapo ndipo akili yetu ilipoishia, maana tulichofanya baadaye kilikuwa cha kitoto. Fedha iliingia kwenye akaunti ya mume wangu peke yake. Baada ya siku tatu tukaihamishia kwenye akaunti yetu ya pamoja, kwa kudhani akaunti ya pamoja inapendeza zaidi. Wiki iliyofuata sehemu yake tukaibadilisha na kuipeleka kwenye akaunti yangu ya dola, kwa kuogopa shilingi kushuka. Kila hatua ilikuwa na sababu yake nzuri, lakini kwenye taarifa za benki fedha ile ile ilionekana ikiingia mara tatu, kwenye akaunti tatu, kwa majina mawili. Mtu anayesoma haraka angeona watu wanaozungusha hela. Fedha ya mwenzi anayesafiri nawe inaweza kuhesabiwa hata ikiwa kwenye akaunti yake pekee, mradi uonyeshe kwamba una uwezo wa kuifikia. Tungeiacha ilipotua.

Kaka yangu akajitolea kunikopesha milioni 2. Nilipomwambia mkopo hauhesabiki alikaa kimya siku mbili, kisha akapiga: "Basi nakupa." Tukaandika barua ya zawadi kwa wakili. Ndani yake: majina yetu kamili, undugu wetu, kiasi, tarehe, na kwamba hakitarajiwi kurudishwa. Tukaambatanisha nakala ya kitambulisho chake na taarifa ya benki yake inayoonyesha fedha ikitoka kwake siku ile ile ilipoingia kwangu. Alipofika kwenye mstari wa kutorudishiwa alinyanyua macho.

"Yaani hata ukitajirika?"

Wakili akacheka. Kaka akasaini, taratibu, kama mtu anayesaini hundi kubwa kuliko ilivyo.

Kuna jambo jingine nitalisema hata kama linanitia aibu. Kabla ya kiwanja kupata mteja, mtu mmoja niliyeelekezwa na mfanyakazi mwenzangu alinipa ofa: ananiwekea kiasi chochote ninachotaka kwa wiki tatu, natoa barua ya benki, kisha anachukua fedha yake pamoja na asilimia yake. Alisema kwa utulivu wa fundi aliyezoea kazi, "Wengi tu wanapita hivyo, dada." Nilishamtumia namba ya akaunti. Nilichofanya siku iliyofuata ni kumtumia ujumbe kwamba nimeghairi, naye hakujibu. Ningependa kusema ilikuwa dhamiri. Ilikuwa hesabu: barua inadai wastani wa salio wa miezi sita, na fedha ya wiki tatu haina miezi sita. Isitoshe, fedha inatakiwa iwepo siku unapoomba na siku wanapotoa visa pia. Ningeikodi mara ngapi?

Hapo ndipo nilipoelewa kinachotafutwa. Kiasi ni sehemu tu. Wanataka kuona fedha yenye historia: ilianzaje, ilikuaje, nani aliiongeza, na kwa nini. Mshahara unaoingia kila mwezi na kubaki kidogo kidogo unajieleza wenyewe. Kila kinachoruka juu ghafla kinahitaji karatasi yake.

Na sasa nirudi kwenye ile barua ya mistari minne.

Barua inayotakiwa iwe kwenye karatasi rasmi ya benki, yenye anwani, simu na barua pepe ya benki, pamoja na jina lako. Itaje madeni yako yote, mkopo au kadi. Kisha kwa kila akaunti, ya kawaida au ya uwekezaji: namba ya akaunti, tarehe ilipofunguliwa, salio la sasa, na wastani wa salio wa miezi sita iliyopita. Hayo yote yameandikwa wazi na wizara yao. Kosa langu lilikuwa kwenda benki na kusema, "Naomba barua ya kuthibitisha salio kwa ajili ya Kanada," nikidhani neno Kanada litawajulisha mengine. Waliniandikia barua wanayompa kila mtu.

Nilirudi siku mbili baadaye na orodha niliyoichapa. Dada wa dawatini akaniambia, kwa upole, kwamba barua zao zina muundo mmoja kutoka makao makuu na haubadiliki. Nikaomba kumwona meneja wa tawi. Naye alisema hivyo hivyo.

"Dada yangu, muundo ni huu kwa wote. Mbona wengine wanapita?"

"Meneja, wanaopita siwajui. Ninachojua ni kwamba hapa wameandika miezi sita."

Nikamgeuzia simu. Akasoma kwa sauti ya chini mpaka mwisho, akaurudia mstari wa madeni. Kilichomsumbua ni wastani: mfumo wao ulikuwa unatoa salio la mwisho wa siku, hautoi wastani wa miezi sita kwa mteja mmoja, na hakutaka kusaini namba ambayo haijatoka kwenye mfumo. Nilimwelewa. Mwishowe alimwita kijana wa idara ya mikopo, ambaye alizihamisha taarifa zangu kwenye jedwali la kompyuta na kukokotoa mbele yetu. Ilichukua dakika kumi na tano. Foleni tatu, ada mbili na siku mbili za likizo yangu zilikuwa zinasubiri dakika kumi na tano za kijana mmoja anayejua kutumia jedwali.

Barua ya pili ikaja na kila kitu isipokuwa mkopo. Nilikuwa na mkopo wa mshahara nilioumaliza Julai, na mfumo ulikuwa bado unauonyesha kama uko wazi, deni sifuri. Meneja alisema sifuri haina haja ya kuandikwa. Nikamwomba aiandike: mkopo umelipwa wote Julai 2023, mteja hana deni jingine. Ile ya tatu ndiyo iliyopita. Kabla sijaondoka nilikaa kwenye kiti cha pale mlangoni nikaisoma namba ya akaunti tarakimu kwa tarakimu, kidole juu ya karatasi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Akaunti ya mume wangu ilikuwa benki nyingine, na kule walitoa barua sahihi siku ya kwanza. Alipita kwa sababu alikwenda na nakala ya barua yangu na kuwaambia, "Kama hii."

Nenda basi na rasimu. Iandike mwenyewe, uache nafasi za namba, uwape wajaze na kuichapa kwenye karatasi yao. Watu wa benki hawakatai kazi; wanakataa kubuni.

Barua yangu ilipokuja na wastani, ilinitisha. Wastani wa miezi sita ulikuwa chini ya kiwango cha watu wanne, kwa sababu kabla ya Septemba hatukuwa na fedha ya kiwanja. Usiku ule sikulala. Niliandika barua ya maelezo ya ukurasa mmoja na nusu, nikaipanga kwa tarehe: siku hii kiwanja kiliuzwa, mkataba ni kiambatisho cha kwanza; siku hii fedha ilihamia akaunti ya pamoja, tazama ukurasa fulani wa taarifa ya benki; siku hii sehemu ilibadilishwa kuwa dola; siku hii zawadi ya kaka. Kwenye taarifa za benki nilizungushia kila muamala mkubwa na kuupa namba inayolingana na barua. Rasimu ya kwanza ilikuwa imejaa maombi na shukrani. Mume wangu akaisoma, akasema, "Umemwandikia padri." Nikafuta yote, nikabakiza tarehe na namba.

Mkataba wa mauziano ulikuwa wa Kiswahili. Nyaraka zisizo za Kiingereza wala Kifaransa zinahitaji tafsiri, na mimi, kwa kubana matumizi, niliutafsiri mwenyewe jioni moja. Baadaye nikaona kwamba mwombaji na ndugu zake hawaruhusiwi kutafsiri. Ikabidi nimlipe mfasiri, aape kiapo mbele ya wakili, na nakala ya Kiswahili iambatane. Ilikuwa gharama ambayo sikuiweka popote kwenye bajeti, na ilikula siku nne kati ya zilizobaki.

Kupandisha nyaraka kuna karaha yake ndogo: sehemu ya ushahidi wa fedha inapokea faili moja, nami nilikuwa na kumi na moja. Unganisha zote ziwe faili moja la PDF, barua ya maelezo ikitangulia, halafu lipunguze uzito, maana faili likizidi megabaiti 4 halipokelewi. Skani zangu za rangi zilikuwa nzito kupita kiasi. Nilizirudia kwa rangi ya kijivu, nikaangalia kama muhuri bado unasomeka.

Tarehe 19 Desemba tukawa tayari kulipa ada. Wakati huo ada zilikuwa dola 1,365 kwa kila mtu mzima, yaani kushughulikia maombi pamoja na haki ya ukaazi, na 230 kwa mtoto anayesafiri. Alama za vidole 170 kwa mimi na mume wangu. Jumla 3,130. Mwishoni mwa Aprili 2024 ada zenyewe zilipanda, mtu mzima ikawa 1,525 na mtoto 260. Mume wangu akachukua kadi, akalipa. Maombi yakaondoka saa nne usiku, tukakumbatiana, tukanywa soda iliyobaki ya mtoto.

Asubuhi nikafungua programu ya benki kwenye simu. Kadi ile ilikuwa ya akaunti ya dola. Tulikuwa na kama 28,300 kwenye barua. Tukitoa ada, tumebaki na 25,200 hivi. Kiwango kilikuwa 25,564. Siku ile ile tuliyowasilisha ushahidi, tuliuvunja kwa mikono yetu wenyewe, kwa dola 360 na ushee.

Barua ilikuwa ya kweli siku ilipoandikwa, lakini sharti la fedha kuwepo mpaka visa itoke lilikuwa linanikodolea macho. Mshahara wa Desemba wa wote wawili ukaingia kule mzima mzima. Krismasi hiyo binti hakupata gauni. Januari tukala mihogo zaidi ya kawaida. Kwenye hesabu yako weka kiwango, kisha ada, kisha vipimo vya afya, vyeti vya polisi, mitihani ya lugha na tathmini ya vyeti kama bado, na juu ya hayo weka akiba ya ziada. Na ada zitoke kwenye mfuko ambao haumo kwenye barua.

Mei 2024 wakaniandikia wakiomba ushahidi mpya wa fedha. Tumbo lilikata. Sijui kama kilichowafanya waulize ni ule wastani, au mizunguko yetu ya akaunti tatu, au ni kawaida tu, hawaelezi. Nilikwenda benki na barua yangu ya tatu mkononi kama sampuli. Meneja aliponiona alicheka kabla sijakaa. Dakika ishirini, barua ikatoka. Dola zilizobaki kwenye akaunti ya dola zilikuwa hazijapoteza thamani, lakini milioni za shilingi zilizobaki kwenye akaunti ya pamoja zilikuwa zinanunua dola chache zaidi za Kanada kuliko Novemba. Kama tusingekuwa tumeendelea kujibana, tungekuwa chini ya kiwango bila kutoa hata senti nyingine. Nilichokosea kwenye ile hamisha hamisha ni karatasi. Kwenye kuweka sehemu ya akiba kwa dola sikukosea.

Tukiwa bado tunasubiri, jedwali la 2024 likatoka: wanne, 27,297. Tulikuwa na kama 28,000. Sikutaka kubishana na mtu kama jedwali jipya linanihusu au la. Nilitaka tu liwe halinisumbui.

Uthibitisho wa ukaazi ulikuja Julai. Agosti tukatua Toronto. Kwenye ndege nilikuwa nimeshika mkoba wenye barua mpya ya benki, ya nne, na taslimu kidogo. Fedha nyingine tulizihamisha baadaye. Ukiingia na dola 10,000 za Kanada au zaidi mkononi, iwe noti au hundi ya benki, unatakiwa kutangaza, na kutangaza hakulipiwi chochote. Afisa aliuliza tumekuja na kiasi gani. Nikatoa faili lote, mkataba wa kiwanja ukiwa juu kwa bahati mbaya. Aliinua karatasi ya kwanza, akaangalia jumla kwenye barua, akanirudishia, akamuuliza binti yangu kama anapenda theluji.

Mwezi wa kwanza fedha zilivuja kama maji kwenye kapu. Pango la mwezi wa kwanza na wa mwisho kwa pamoja, makoti, magodoro. Nilianza kuelewa kwa nini wanaweka kile kiwango, na kwa nini wenyeji wanakiona kidogo.

Wiki ya tano kaka alipiga simu ya video. Tulimzungusha nyumba nzima, akaona dirisha, akaona jokofu, akaona godoro la mtoto. Akakaa kimya kidogo.

"Ile barua niliyosaini," akasema, "bado ina nguvu?"